Usifute Kwanza

Kabla hajagusa faili yangu hata moja, fundi aliomba kipande cha boksi. Alichora juu yake umbo la laptopu kwa kalamu ya wino, na kila skrubu aliyoifungua akaichomeka kwenye mchoro, mahali pale pale ilipotoka. Zilikuwa kumi na tatu. Tatu kati ya hizo zilikuwa fupi kuliko nyingine kwa unene wa ukucha, akanionyesha: ukikosea ukaingiza ndefu penye fupi, itatokeza upande wa pili na kuharibu ubao. Kisha akachukua brashi ndogo ya kupaka rangi, mpya, akaanza kutoa vumbi kwenye feni, pengo moja baada ya jingine.

Hiyo ilikuwa Februari 2025, barazani kwangu Hai Cinema, Juba. Joto lilikuwa limefika mahali serikali ikafunga shule kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai. Nilidhani fundi amekuja kuniwekea programu tu, nikachemsha chai nikitegemea tutamaliza kabla haijapoa. Kazi ilichukua siku tisini na moja. Naiandika kwa sababu ni nadra kumwona mtu akifanya kazi kwa uangalifu ule, na kwa sababu kazi yenyewe haionekani. Ikifanywa vizuri, mwenye nyumba anaona laptopu kuukuu iliyofungwa, kitaa kimoja cha kijani kikiwaka pembeni.

Niseme nilichokuwa nakitaka. Mimi ni mfasiri, mtu wa Kitale, niko Juba tangu 2012. Faili zangu zote zilikuwa kwenye wingu la kampuni moja ya nje: vyeti vya wanangu, mikataba, tafsiri za miaka yote hiyo, picha, na sauti ya marehemu baba akisimulia safari zake za lori kati ya Kitale na Lodwar. Nilikuwa nalipa kila mwezi kwa kadi ya benki. Kadi ikaisha muda, nyingine ikachelewa, na barua pepe zikaanza kuingia: lipa, la sivyo hutaongeza kitu, lipa, la sivyo vilivyomo vitafutwa. Juba, kadi inayokubalika nje ni shughuli kuipata. Tunalipana kwa noti, na siku hizi kwa simu. Nililipa hatimaye kwa kadi ya dada yangu, lakini usingizi ulikuwa umeshaniruka. Sauti ya baba ilikuwa imebakiza siku kumi na nne, na mimi sikuwa na nakala nyingine popote.

Wengi wetu tuliingia huko bila kufikiri. Hadi tarehe 1 Juni 2021 Google Photos ilikuwa inapokea picha bila kikomo na bila malipo, na simu zetu zikazipeleka zenyewe usiku, mwaka baada ya mwaka. Baada ya hapo, ukijaza gigabaiti 15, unalipa. Siwalaumu wanaotoza. Wana mashine za kulisha umeme na wahandisi wasiolala. Nilijilaumu mimi niliyeweka urithi wote wa familia nyuma ya mlango mmoja ambao ufunguo wake unaisha muda.

Fundi alilelewa Kakuma, ile kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa Turkana mwaka 1992, na Kiswahili chake ni cha huko, kinakwenda moja kwa moja. Na majirani zangu anaongea Kiarabu cha Juba, ambamo "hai" ni mtaa. Hapendi kutajwa jina, nami namheshimu. Swali lake la kwanza halikuhusu kompyuta.

"Dada, Julai 2016 ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapa. Siku zile nne za mapigano, tarehe 8 hadi 11, tulilala kwenye ukumbi wa katikati ya nyumba, mbali na madirisha, na milipuko ilipotulia tukaondoka na begi moja.

"Ulibeba nini?"

Pasipoti na simu.

"Basi hii mashine tunayotengeneza usiiite nyumba ya faili zako," akasema. "Ni mahali pamoja kati ya pengine." Akafungua daftari la kurasa za miraba, akaandika mistari mitatu: Hai Cinema. Kampala. Kitale. Kampala yuko kaka yangu, ana ofisi. Kitale yuko dada. Nakala tatu, miji mitatu, na moja kati yake haiunganishwi na waya wowote, inalala kabatini.

Pale ndipo nilipoanza kumwamini. Nilikuwa nimesoma sana habari za watu wa Ulaya na Marekani wanaohamisha faili zao na kuziweka kwenye kimashine cha nyumbani, wakaishia hapo wakifurahia uhuru wao. Juba huwezi kuishia hapo. Mji huu umeona kumbukumbu zake zikiteseka. Nyaraka za serikali za tangu enzi za ukoloni, ambazo mwanahistoria Douglas Johnson alizikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilipita kwenye vita vya zaidi ya miaka ishirini, zikaliwa na mchwa, zikalowa, na baada ya amani zikakaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa Juba kabla ya kuhamishiwa kwenye jengo. Wahifadhi wa Sudan Kusini, wakisaidiwa na Rift Valley Institute, walizipangusa karatasi moja moja, wakazipanga, wakazipa namba, ndipo wakaanza kuzipiga picha za kidijitali. Mpangilio ni ule ule wa fundi wangu. Kupangusa kwanza, kuhesabu pili, kunakili mwisho.

Faili zangu zilikuwa gigabaiti 186. Aliipima intaneti yangu saa nane za usiku, mitaa ikiwa imelala, akapata wastani wa megabiti tano kwa sekunde. Akapiga hesabu daftarini mbele yangu: zaidi ya saa 82 bila kukatika hata dakika moja, na hakuna saa za namna hiyo Juba. Hivyo aliomba kampuni ivikate vitu vyangu katika vifurushi vya gigabaiti mbili, 93 kwa jumla, akatumia programu ambayo umeme ukikatika inaendelea pale ilipoachia. Kila kifurushi kilipata mstari wake daftarini: namba, siku, saa ya kuisha, alama ya vema. Usiku wa kupakua alikuwa hayupo. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Asubuhi alikuja kukagua mwandiko wangu.

Nilipouliza kwa nini ni polepole namna hii, alichora njia. Kebo ya faiba ya Liquid ilifika Juba mwanzoni mwa 2020 ikitokea Uganda. Kabla ya hapo mji ulitegemea sana setilaiti. Kutoka hapa data inashuka Uganda, inapita Kenya, inafika Mombasa, inaingia chini ya bahari. Nilibaki naitazama ile michoro. Picha ya mwanangu amekaa barazani ilikuwa inakwenda ng'ambo ya bahari na kurudi ili niione nikiwa nimekaa baraza ile ile.

Vifurushi vilipokamilika, hakufungua hata kimoja kabla ya kuvijaribu. Kila kifurushi cha aina ile hubeba ndani yake namba ya kujikagua, na mashine inaweza kuikokotoa upya na kulinganisha. Vifurushi 92 vilikuwa vizima. Cha 57 kilikuwa kimeumia. Tulitazama daftarini: usiku huo umeme ulikatika mara tatu. Tukakipakua upya.

Kazi iliyomla muda kuliko zote ilikuwa tarehe. Picha zilipotoka kwenye vifurushi, nyingi zilidai zimezaliwa siku moja, ile tulipovifungua. Harusi ya dada yangu, mazishi ya baba, kitinda mimba wangu hana jino hata moja na huyo huyo akiwa amevaa sare za shule, zote zimesongamana Februari 2025. Zile za kamera zilikuwa zimeficha tarehe ndani yake, lakini zilizopita WhatsApp huwa zimevuliwa habari hizo njiani. Mtu mwenye haraka angeziacha hivyo. Fundi alinionyesha kwamba kila picha ilikuja na kifaili kidogo cha maandishi, na ndani yake namba ndefu isiyo na maana kwangu. Alichagua moja: 1341831600. Hizo ni sekunde, akasema, zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970. Akaigeuza, ikatoka 9 Julai 2012, saa nane mchana. Picha ilikuwa ya barabarani, watu na bendera, sikukuu ya mwaka mmoja wa uhuru wa Sudan Kusini. Nilikuwa na miezi mitatu tu mjini hapa. Nilikuwa nimeisahau.

Aliandika programu fupi ya kurudisha tarehe zote, akaijaribu kwa picha ishirini, akaniita nizitazame, kisha akaisimamisha. Kuna kitu kilimsumbua. Mchana wa picha moja ya 2022 ulikuwa umetoka saa moja mbele. Alikaa kimya, kisha akakumbuka: tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, ikaachana na majira ya Nairobi na Kampala. Picha za Juba za kabla ya siku hiyo zinahesabiwa kwa majira ya zamani, za baada yake kwa mapya, na zile nilizopiga likizoni Kitale zinabaki na majira ya Kenya wakati wote. Hakuna mtu ambaye angekuja kumdai saa moja hiyo. Aliirekebisha. Vifaili 318 vilikuwa vimekatwa majina kwa kuwa marefu mno, programu ikashindwa kuvioanisha na picha zake, na hivyo tuliviunganisha kwa mkono, mimi na yeye, jioni nne mfululizo, yeye akisoma jina na mimi nikitambua sura.

Mwisho wa yote tulikuwa na faili 41,386. Kwa kila moja alitengeneza kile anachokiita alama ya kidole, herufi na tarakimu 64 zinazotokana na yaliyomo ndani ya faili. Ukibadilisha nukta moja ya picha, alama yote inageuka. Alama hizo akazipanga kwenye orodha moja, na orodha nayo akaichukua alama yake. Kumbuka hiyo orodha, nitairudia.

Mashine yenyewe nitaipita haraka, maana watu huikuza kupita kiasi. Ni laptopu ya ofisi ya miaka kumi iliyopita, ikiendesha Linux. Fundi anapenda laptopu kwa sababu moja: ina betri ndani. Juba imekuwa na mtambo wa megawati 33 tangu mwishoni mwa 2019, na mita za malipo ya kabla ziko kwenye nyumba nyingi, lakini umeme bado unaruka. Laptopu haishtuki, inaendelea saa mbili tatu, na betri ikikaribia kuisha inafunga faili zote kwa adabu na kujizima. Aliiweka kwenye rafu ya chuma ukutani upande wa mashariki, kwa kuwa ukuta wa magharibi unashika jua la alasiri, na chini yake akaacha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Diski nyingi mwisho wake ni nyuzi 60. Yetu, katika alasiri mbaya kuliko zote za Februari ile, ilifika 51.

Nilimwomba ahamishe na barua pepe. Alikataa. Barua inayotoka kwenye anwani ya nyumbani hutiliwa shaka na kampuni kubwa na kutupwa kwenye taka, na siku mashine imezimika barua za watu zinagonga mlango na kurudi. "Hizo ziache huko huko, Dada." Fundi anayejua kazi isiyofaa kufanywa namheshimu maradufu.

Kisha ikaja ile sehemu ambayo mimi niliiona kama uchawi: kuifikia laptopu ya Hai Cinema nikiwa mbali. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, dunia nzima, hazitoshi, kwa hiyo kampuni ya simu huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja. Aliye nje hana njia ya kuubisha mlango wangu. Fundi akageuza: laptopu ndiyo itakayotoka kwenda kubisha. Ofisi ya kaka Kampala ina anwani yake ya kudumu, na laptopu inatuma kikaratasi kidogo kwenda huko kila baada ya sekunde 25, usiku na mchana, ili njia isije ikajifunga. Simu yangu, popote nilipo, inaingia Kampala na kuifuata njia hiyo hiyo hadi Juba.

Njia hiyo ni WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, na fundi anaizungumzia kama seremala anavyozungumzia randa nzuri. Iliingizwa ndani ya kiini cha Linux mwezi Machi 2020. Programu nyingine za namna hiyo zina mistari ya maandishi ya makumi na mamia ya maelfu. Hii haifiki hata elfu nne. Mtu mmoja anaweza kuketi akaisoma yote. Kila kifaa kina funguo mbili, moja haitoki ndani ya kifaa kamwe, nyingine unampa mwenzako. Na mgeni asiye na ufunguo akija kubisha, hajibiwi kabisa, hata kuambiwa hapana. Kwake yeye hakuna mlango pale.

Nakala ya Kampala ilisafiri kwa basi. Kupandisha gigabaiti 186 kwa bando la Juba kungekula wiki nyingi na fedha nyingi; basi linashuka barabara ya lami ya Nimule, kilomita 192 hadi mpakani, na kufika Kampala siku ya pili. Lakini kwanza alisimba diski nzima. Ufunguo wake ni maneno saba, na hakuniruhusu kuyachagua kwa akili yangu. Alichukua dadu ya ludo ya wanangu, tukairusha mara tano kwa kila neno, tukayatafuta kwenye orodha ya maneno 7,776. Nikayaandika kwa mkono kwenye karatasi mbili, bahasha mbili. Moja ninayo, nyingine iko kwa dada. "Siku haupo," alisema, bila kuzungusha, "wanao wafungueje?" Diski ingeibiwa Nimule, mwizi angepata diski tupu ya kuuza, basi.

Kaka alipoichomeka, fundi alimpigia simu, akaweka sauti ya nje. Ile orodha ya alama ilikuwa imekokotolewa upya huko Kampala, kutoka kwenye faili zenyewe, na kaka akaanza kusoma alama yake: tatu, nane, e, sifuri, sifuri, b. Nilikuwa nafuata kwa kidole kwenye skrini. Baada ya tarakimu kumi nikasema inatosha, ni ile ile. Fundi akatikisa kichwa. Kaka akasoma zote 64, taratibu, muuza maji akipita nje na jenereta ya jirani ikinguruma, na ya mwisho ilipolingana fundi akaweka vema daftarini.

Tangu hapo, kila usiku, mashine mbili zinalinganisha yaliyomo na kutumiana tofauti peke yake. Kazi hiyo inafanywa na rsync, ambayo Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, zama za laini za simu zenye mwendo wa kobe. Labda ndiyo maana inaivumilia Juba. Usiku ambao sijapiga picha, inatumia bando dogo kuliko ujumbe wa sauti wa shangazi.

Mwisho wa Machi mwaka huo Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, mji ukajaa wasiwasi, nami nikawapeleka wanangu Kitale. Nikiwa huko mteja aliulizia mkataba wa 2019. Niliufungua kwa simu nikiwa jikoni kwa dada, kutoka kwenye rafu ya chuma Hai Cinema. Ulikuja kwa sekunde nne.

Hata baada ya hapo hakuniruhusu kuifunga akaunti ya wingu. Kila nilipouliza, jibu lilikuwa moja: usifute kwanza. Alitaka miezi mitatu ipite. Siku ya tisini alikuja, akachomoa diski ya Hai Cinema, akaiweka mfukoni mwake, akaingiza nyingine isiyo na kitu. "Chagua faili moja usiyokubali kuipoteza." Nikamwambia. Tulisubiri, ikavutwa kutoka Kampala, ikafunguka. Baba alikohoa, akauliza kama kile chombo kimewashwa, kisha akaanza na Lodwar.

Kesho yake nilifuta akaunti. Fundi aliniachia kitufe nikibonyeze mwenyewe.

Msomaji wangu, si lazima ujenge yote haya, na kama huna muda wa kuyatunza, baki na wingu lako na ulipe kwa wakati. Lakini usiku wa leo ifikirie faili moja ambayo huwezi kuipata tena duniani, na uhesabu imekaa sehemu ngapi. Ukipata moja, nunua diski kesho asubuhi, na umpe ndugu yako wa mji mwingine aiweke kabatini.